Ludwig Krapf na Kituo cha Yatta: Maisha ya Mmishenari Aliyeacha Kamusi

Utangulizi

Mwanafunzi yeyote aliyepitia somo la historia ya Kiswahili amekutana na jina la Johann Ludwig Krapf. Hutajwa pamoja na Johannes Rebmann, Edward Steere na A. C. Madan katika orodha ya wageni wa karne ya 19 walioiandikia lugha hii sarufi na kamusi kwa hati za Kirumi. Mara nyingi maelezo huishia hapo: mwaka 1850 alichapisha sarufi, na mwaka 1882 ikatoka kamusi. Jambo lisilotajwa sana ni kwamba Krapf hakuja Afrika Mashariki ili atunge kamusi. Alikuja kuhubiri dini, na shabaha yake ilikuwa kufika bara na kuishi miongoni mwa watu wa huko.

Shabaha hiyo ilimfikisha Ukambani mara mbili, mwaka 1849 na mwaka 1851. Katika safari ya pili alijaribu kujenga makao mahali alipopaita Yatta. Jina hilo leo linabebwa na uwanda mrefu wa mawe ya volkano unaoambaa na mto Athi, na pia na sehemu ile ya Machakos ulimo mji mdogo wa Katangi. Kituo chenyewe hakikudumu hata miezi mitatu. Hata hivyo, yaliyotukia huko yanaeleza vizuri zaidi kuliko tarehe za vitabu vyake jinsi mhubiri huyu alivyoishia kukumbukwa kama mtaalamu wa lugha, na jinsi elimu yake ilivyotegemea wenyeji waliompokea.

Kuzaliwa na elimu

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen karibu na mji wa Tübingen, kusini mwa Ujerumani. Wazazi wake walikuwa wakulima wa madhehebu ya Kilutheri. Utotoni alipigwa vibaya na jirani kwa kosa ambalo hakulitenda, akaugua kwa muda wa miezi sita. Alipokuwa kitandani alijizoeza kusoma Biblia, na mwenyewe baadaye aliuhesabu ugonjwa huo kuwa mwanzo wa safari yake ya kiroho. Shuleni Tübingen alijifunza Kilatini, Kigiriki, Kifaransa na Kiitaliano, na ikabainika mapema kwamba ana kipawa cha lugha.

Alipofikia umri wa miaka 17 alijiunga na chuo cha wamishenari cha Basel, Uswisi, lakini akaingiwa na shaka kuhusu wito wake na kuondoka. Akasomea theolojia katika Chuo Kikuu cha Tübingen hadi mwaka 1834, na kwa muda mfupi akawa msaidizi wa mchungaji wa kijijini. Wazo la umishenari lilimrudia, safari hii chini ya shirika la CMS la London, ambalo wakati huo liliajiri Wajerumani wengi kwa sababu ya uhaba wa Waingereza waliokuwa tayari kwenda ng'ambo. Mwaka 1837 alielekea Ethiopia.

Miaka ya Ethiopia

Krapf alifukuzwa Adwa mwaka 1838 pamoja na wenzake. Mwaka uliofuata aliingia Shewa, katika ufalme wa Sahle Selassie, akaishi huko hadi mwaka 1842. Huko ndiko alikokutana na Waoromo, watu ambao aliamini kwamba wakipokea Ukristo wangeueneza katika Afrika ya kati nzima. Alijifunza Kioromo na kuanza kutafsiri Injili katika lugha hiyo. Chuo Kikuu cha Tübingen kilimtunuku shahada ya udaktari kwa utafiti wake na kwa miswada ya Kiethiopia aliyoikusanya.

Mwaka 1842 alimwoa Rosine Dietrich huko Misri. Walipojaribu kurudi Ethiopia walizuiwa, na katika safari hiyo ya jangwani mkewe alijifungua mtoto wa kike kabla ya wakati. Walimpa jina Eneba, maana yake chozi, naye akafariki. Mlango wa kaskazini ulipofungwa kabisa, Krapf aliamua kuwafikia Waoromo kwa kuzungukia kusini, kupitia pwani ya Waswahili. Kwa hiyo ujio wake kwetu ulikuwa, mwanzoni, njia ya mzunguko tu ya kwenda kwingine.

Mombasa, mwaka 1844

Alifika Unguja mwezi Januari 1844. Seyyid Said bin Sultan alimpokea kwa heshima na kumpa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake wa pwani. Mwezi Mei alihamia Mombasa na mkewe. Mwezi Julai Rosine alijifungua mtoto mwingine wa kike, naye Krapf mwenyewe alikuwa mahututi kwa homa. Mama alifariki tarehe 13, na mtoto akamfuata baada ya siku chache. Walizikwa bara, ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali.

Ni katika majuma hayohayo ya homa na matanga ambapo kazi ya lugha ilianza. Mwezi Juni 1844, kabla ya msiba, Krapf alikwisha kuanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na Kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Muhyiddin. Jambo hili linafaa kutazamwa kwa makini. Mwanachuoni wa Kiislamu, hakimu wa sheria ya dini yake, aliketi na mhubiri wa Kikristo aliyetaka kuwaingiza watu katika dini nyingine, akamsaidia kupata maneno ya Kiswahili ya habari za kuumbwa kwa ulimwengu. Yamkini kwa Kadhi habari za Adamu na Nuhu hazikuwa ngeni, na msamiati wake ulikuwapo tayari katika Kiswahili cha wasomi wa pwani. Sura za mwanzo za tafsiri hiyo zilichapishwa Marekani mwaka 1847, katika jarida la jumuiya ya wataalamu wa taaluma za Mashariki.

Hapo Krapf alifanya uamuzi uliokuwa na matokeo makubwa. Kiswahili kilikuwa kimeandikwa kwa hati za Kiarabu kwa karne kadhaa, na tungo nyingi za Pate, Lamu na Mombasa zilihifadhiwa kwa hati hizo. Krapf alizijua na kuzithamini. Ni yeye aliyepeleka Ujerumani nakala ya utenzi wa Tambuka wa Mwengo wa Athumani, uliotungwa mwaka 1728. Pamoja na hayo alichagua hati za Kirumi kwa vitabu vyake, kwa hoja kwamba hati za Kiarabu zingefungua njia kwa Uislamu miongoni mwa watu wa bara. Uchaguzi huo haukutokana na mahitaji ya fonolojia peke yake, bali pia na ushindani wa dini.

Rabai na watu wa bara

Rebmann aliwasili mwezi Juni 1846, na miezi miwili baadaye wawili hao walifungua kituo Rabai, miongoni mwa Wamijikenda, ambao wakati huo waliitwa Wanyika, jina ambalo wenyewe hawalipendi. Watu wa kuikubali dini mpya walikuwa wachache mno. Wazee wa Rabai waliwakaribisha wageni, wakawasikiliza, wakaendelea na desturi zao. Watafiti hawa wawili walipata maneno mengi kuliko waumini.

Karibu na Rabai kulikuwa na makazi ya Wakamba. Wengi wao walishuka pwani kwa sababu ya njaa kali ya miaka ya 1830, na wengine walikuwa wafanyabiashara. Katika kipindi hicho misafara ya Wakamba ndiyo iliyoshika biashara ya pembe za ndovu kati ya Mombasa na nchi za ndani, hadi kwa Waembu, Wambeere na Wagikuyu. Kutoka kwa Wakamba hawa Krapf alijifunza Kikamba, na kwao alisikia habari za nchi zilizo mbele. Hapo ndipo mpango wake ulipobadilika. Aliwaza mnyororo wa vituo kutoka Mombasa kukata bara zima hadi pwani ya magharibi, na Wakamba, waliokuwa mabingwa wa njia, wangekuwa pete ya kwanza ya mnyororo huo.

Kivoi wa Kitui

Mwezi Novemba 1849 Krapf aliondoka Rabai kwenda Kitui, kwa Kivoi Mwendwa, mfanyabiashara mkubwa ambaye jina lake lilivuma kutoka pwani hadi mto Tana. Kivoi alikuwa na msafara, watumwa, marafiki katika makabila jirani na neno lenye uzito mbele ya wenzake. Alimpokea mgeni wake vizuri. Yeye ndiye aliyemweleza habari za mlima wenye kitu cheupe kileleni, ambao kwa Kikamba uliitwa Kĩĩnyaa, jina linalohusishwa na madoadoa meusi na meupe ya mbuni dume.

Tarehe 3 Disemba 1849 mawingu yalifunguka, na Krapf akauona mlima huo kutoka Kitui, ukiwa na vilele viwili kama pembe vilivyofunikwa na weupe. Rebmann alikuwa ameuona Kilimanjaro mwaka uliotangulia. Habari za theluji karibu na ikweta zilipofika London zilidhihakiwa na wanajiografia, hasa W. D. Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika Mashariki. Ilipita miaka zaidi ya 30 kabla Joseph Thomson hajauthibitisha Mlima Kenya mwaka 1883. Matamshi ya Kivoi, yalivyosikika katika sikio la Mjerumani na kuandikwa kwa tahajia yake, ndiyo yaliyokuja kuwa jina la nchi nzima.

Mwaka 1850 Krapf alikwenda Ulaya kutafuta afya na watu wa kumsaidia. Mwaka huohuo vitabu vyake vitatu vilichapishwa Tübingen: sarufi ya Kiswahili, msamiati wa lugha sita za Afrika Mashariki, na Injili ya Marko kwa Kikamba. Kitabu hicho cha tatu kilikuwa na tatizo la wazi. Huko Ukambani hapakuwa na shule hata moja, wala mtu aliyefundishwa kusoma lugha yake. Kitabu kilitangulia wasomaji wake.

Kituo cha Yatta

Krapf alirudi mwaka 1851 na wenzake wapya. Mmoja wao alifariki muda mfupi baada ya kuwasili, na wengine hawakuwa tayari kwa safari ya bara. Mwezi Julai aliondoka Rabai peke yake, bila Mzungu mwenzake, akiwa na wapagazi wapatao 30. Njiani walishambuliwa na wanyang'anyi, wakaponea chupuchupu. Kabla ya mwisho wa mwezi walifika Yatta.

Mahali hapo palichaguliwa kwa sababu. Palikuwa karibu na njia ya misafara, katikati ya pwani na Kitui, na palionekana kufaa kuwa kituo cha kuendelea mbele hadi Tana na kwingineko. Wapagazi walikubaliana naye kwamba wangemjengea nyumba, lakini walichokijenga kilikuwa kibanda kisichostahimili jua wala mvua. Kisha wakadai kurudi kwao. Krapf alibaki na mtumishi mmoja. Tangu asubuhi hadi jioni watu walikuja kumtazama, kumuuliza na kumwomba vitu, hata akakosa nafasi ya kusoma, kuandika au kulala kwa utulivu.

Wakati mwingine tatizo la Yatta hutafsiriwa kama ukaidi wa wenyeji. Tafsiri hiyo haina msingi. Wakamba wa Yatta hawakumdhuru wala hawakumfukuza. Walimwona mtu asiye na ukoo, asiyelima, asiye na ng'ombe wala mke, asiyeuza wala kununua pembe, na ambaye hata hivyo alitaka kukaa. Katika jamii ambamo kila mtu alitambuliwa kwa ukoo wake, mtu wa namna hiyo hakuwa na mahali. Maelezo yaliyowaingia akilini ni kwamba huenda alikuwa mganga mwenye nguvu. Dhana hiyo ilimpa heshima kwa muda, lakini ndiyo iliyokuja kumhatarisha.

Mto Tana

Akiwa katika hali hiyo Krapf alikwenda Kitui kumtafuta Kivoi, ambaye alikuwa akijiandaa kwa safari ya biashara hadi Tana. Waliondoka pamoja mwezi Agosti 1851. Walipoukaribia mto walivamiwa na kundi kubwa la watu wenye silaha. Wengi wa msafara walikimbia. Kivoi aliuawa pamoja na baadhi ya wafuasi wake wa karibu.

Krapf alikimbilia vichakani na kupotezana na wengine. Kiu ilimshinda, akaufuata mto wenyewe waliokuwa wakiuendea. Kwa kuwa hakuwa na chombo, alijaza maji katika mfuko wa ngozi wa darubini yake na katika mitutu ya bunduki, akaiziba kwa majani. Miiba ilichomoa majani hayo, maji yakamwagika. Kwa siku kadhaa alitembea usiku na kujificha mchana, akila majani, mizizi na mchwa, huku akichimba mchanga wa mito mikavu kutafuta maji.

Alipofika kwa jamaa za Kivoi mambo yaligeuka. Walimlaumu kwa kurudi hai ilhali mwenyeji wake ameuawa. Kwa desturi yao mtu hamwachi rafiki yake afe peke yake. Isitoshe, kama alikuwa mganga, kwa nini hakumkinga Kivoi? Mashtaka hayo yalikuwa na mantiki yake. Heshima waliyompa ilitokana na nguvu walizodhani anazo, na nguvu hizo zilionekana kushindwa siku zilipohitajika. Alipotambua kwamba maisha yake yamo hatarini alitoroka usiku. Baada ya taabu nyingi alifika tena Yatta, na kutoka hapo akarejea Rabai. Aliungama kwamba kituo kisingeweza kusimama huko bila kuwa na kituo kingine cha kati kwenye njia ndefu ya nyika. Hakurudi tena Ukambani.

Marejeo na kamusi

Mwaka 1852 alikwenda Usambara, kwa Mfalme Kimweri ye Nyumbai, ambaye alikuwa amemtembelea pia mwaka 1848. Mwaka 1853 afya yake ilimlazimu kuondoka pwani. Alijaribu tena Ethiopia bila mafanikio, kisha mwaka 1855 akaenda kuishi Korntal, karibu na Stuttgart. Masimulizi ya safari zake yalitoka kwa Kijerumani mwaka 1858 na kwa Kiingereza mwaka 1860. Mwaka 1862 alirudi kwa muda mfupi kuwasaidia Wamethodisti kuanzisha kituo cha Ribe, na mwaka 1867 aliajiriwa kuwa mkalimani wa jeshi la Waingereza lililokwenda Ethiopia.

Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Baada ya safari hizo zote Krapf alirudi kwenye daftari zake za maneno, alizozianza Mombasa na Rabai. Alifariki Korntal tarehe 26 Novemba 1881. Alikutwa amepiga magoti kando ya kitanda chake. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kiingereza ilichapishwa London mwaka uliofuata.

Kamusi hiyo ina kasoro zake. Tahajia yake ni tofauti na ya sasa na humtatiza msomaji, na baadhi ya maelezo yana chuki dhidi ya Uislamu na mila za Waafrika. Lakini ina utajiri usiopatikana kwingine. Chini ya maneno mengi mna methali, maelezo ya vyakula, vyombo vya baharini, sherehe na imani, jinsi yalivyokuwa Mombasa katikati ya karne ya 19. Msingi wake ni Kimvita. Steere, aliyefanya kazi Unguja, alijenga vitabu vyake juu ya Kiunguja, na baada ya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 lahaja hiyo ndiyo iliyofanywa msingi wa Kiswahili sanifu. Kwa hiyo kitabu cha Krapf hakikuwa dira ya usanifishaji. Kimebaki kuwa ghala la Kimvita, na mtafiti wa lahaja hiyo hawezi kukikwepa.

Hitimisho

Ukipimwa kwa lengo lake mwenyewe, umishenari wa Krapf ulishindwa. Waoromo hakuwafikia tena, mnyororo wa vituo haukujengwa katika uhai wake, na kibanda cha Yatta kilibomoka. Misheni za kudumu zilianza Ukambani katika miaka ya 1890, Walutheri wa Kijerumani wakiwa Ikutha na wamishenari wa Africa Inland Mission wakiwa Nzaui mwaka 1895. Agano Jipya la Kikamba lilitoka mwaka 1920, na Biblia nzima mwaka 1956, zaidi ya karne moja baada ya Injili ile ya Marko isiyokuwa na wasomaji. Maneno aliyoyakusanya Krapf akiwa njiani ndiyo yaliyodumu.

Ni haki kukumbuka kwamba maneno hayo hayakuwa yake. Yalikuwa ya Kadhi Ali bin Muhyiddin, ya wazee wa Rabai, ya Wakamba wa pwani na ya Kivoi Mwendwa. Wachache kati yao tunayajua majina yao kwa sababu Krapf aliyaandika. Walio wengi hawakutajwa. Vyuo vyetu vinaendelea kuwapeleka wanafunzi nyanjani kukusanya istilahi, ngano na nyimbo, na baadhi yao hupita katika njia zilezile za Yatta na Kitui wakiwa na vinasa sauti. Wanakopita hupokewa, hulishwa na kuelezwa. Majina ya wanaowaeleza yaandikwe kwenye kazi hizo, kwa idhini yao, sambamba na majina ya watafiti.